Shotigani za kizamani za kujijaza zenyewe: nyingi mnazoambiwa zimekufa, ni pete tu imekaa vibaya

#1 — Mleta mada

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wenye leseni za shotigani, kwa wale ambao bunduki ya marehemu baba iko kituo cha polisi ikisubiri mrithi, na kwa yeyote anayependa vyuma vya kale vilivyotengenezwa kwa akili. Nitazungumzia zile za kujijaza zenyewe, yaani semi-otomatiki, za kabla ya miaka ya 1980. Ndizo ninazokusanya, na ndizo ninazotembea nazo porini msimu wa kuwinda ukifunguliwa.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo ninaloliona hapa Dar mara kwa mara. Mzee ana FN Browning ya Ubelgiji iitwayo Auto-5, ile yenye kibyongo nyuma ya boksi la mtambo (kasha la chuma linalobeba mtambo). Imempigia kanga ujana wake wote. Siku moja inaanza kukwama: ganda halitoki, au linatoka nusu na kubanwa mlangoni. Anampelekea mtu anayejiita fundi, anaambiwa mtambo umekwisha, achana nayo, tafuta ya kisasa. Bunduki inauzwa kwa bei ya kutupa. Aliyeinunua anafungua mbao ya mbele, anahamisha pete moja ya chuma, na bunduki inapiga kama ilivyotoka kiwandani. Linaniuma sana jambo hili, maana mtambo wa namna ile hautengenezwi tena.

Tuanze na ilikotoka, kwa sababu historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini bunduki zinazofanana kabisa zina majina tofauti.

Aliyebuni ni John Moses Browning, Mmarekani wa Ogden, Utah, mtoto wa fundi bunduki. Hataza yake (patent) ilitolewa mwaka 1900. Kwa miaka mingi alikuwa akiwauzia Winchester kazi zake kwa malipo ya mkupuo. Safari hii alijua ameshika kitu kikubwa, akataka mrabaha, alipwe kwa kila bunduki itakayouzwa. Winchester wakakataa. Akaenda Remington. Januari 1902, akiwa amekaa anasubiri kuonana na mkuu wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, akaletewa habari kwamba mzee huyo amefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo siku hiyo hiyo. Browning akapanda meli akavuka bahari hadi Ubelgiji, kwa FN, kiwanda kilichopo Herstal karibu na Liège, ambacho tayari kilikuwa kinatengeneza bastola zake. FN wakakubali, na yeye mwenyewe akaagiza bunduki 10,000 za kuuza kwao Marekani.

Remington walikuja kuchukua haki ya kuitengeneza baadaye. Ya kwao inaitwa Model 11, ilianza kutoka 1905 na ikaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Savage nao wakaitengeneza kwa jina la Model 720. Ubelgiji ilipovamiwa na Wajerumani mwaka 1940, Remington ndio waliotengeneza hata zile zenye nembo ya Browning kwa soko la Marekani. Kwa hiyo ukikutana na bunduki yenye kibyongo usikimbilie kusema "hii feki". Soma kwanza maandishi ya mtutu.

Browning alifariki Novemba 1926 akiwa kiwandani kule kule Ubelgiji. Bunduki yake, Auto-5, ilitengenezwa Ubelgiji hadi katikati ya miaka ya 1970, kisha kazi ikahamia Miroku, Japani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtambo ule ule kwa karibu karne nzima. Hiyo 5 ni risasi tano: nne kwenye magazini (bomba la akiba chini ya mtutu), moja kwenye chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa ikisubiri kupigwa).

Sasa tuingie ndani.

Ukivuta triga, mtutu na boliti (chuma kinachofunga nyuma ya chemba) vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, safari ndefu kuliko urefu wa risasi yenyewe. Vikifika mwisho, boliti inashikwa kule nyuma, mtutu unaachiwa urudi mbele peke yake. Mtutu ukienda mbele unaliacha ganda mdomoni mwa boliti, ganda linarushwa nje, risasi mpya inapanda, na boliti inafuata mbele kufunga. Ndiyo maana bega linahisi misukumo miwili. Ukimtazama mtu akipiga nayo kwa pembeni utaona mtutu mzima unaingia na kutoka. Asiyeijua hushtuka, hudhani imevunjika.

Kinachopunguza kasi ya mtutu huo ni vitu vitatu vilivyovaa bomba la magazini chini ya mbao ya mbele: springi kubwa, pete ya chuma yenye mteremko upande mmoja wa ndani, na kibano cha shaba. Kibano kikisukumwa ndani ya mteremko wa pete, kinabana bomba. Hiyo ndiyo breki. Na breki hii unaipanga wewe mwenyewe kulingana na risasi unayotumia.

Kwa risasi nzito, kuanzia kwenye boksi la mtambo kwenda mbele: springi, kisha pete ya chuma na mteremko wake ukitazama mbele, kisha kibano cha shaba. Kwa risasi nyepesi, pete inatolewa pale, inawekwa nyuma kabisa kwenye boksi la mtambo, chini ya springi, na springi inakaa moja kwa moja kwenye kibano. Pete isitupwe wala isihifadhiwe kwenye droo. Inabaki ndani ya bunduki, imehama nafasi tu. Hii ni kwa geji 12 ya kawaida (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Zile za magnum, yaani za risasi ndefu zenye nguvu zaidi, zina vibano viwili, usizipange kwa kufuata maelezo haya.

Mpangilio mzito na risasi nyepesi: mtutu haufiki mwisho, ganda linakwama. Mpangilio mwepesi na risasi nzito: haikwami, inapiga vizuri kabisa, lakini kila mlio mtutu unagonga chuma kwa nguvu ambayo haikukusudiwa. Huu wa pili ndio unaoua, kwa sababu mwenyewe hajui. Anachoona ni teke limekuwa kali na mbao ya mbele imepasuka.

Nitoe mfano wa bunduki niliyoifungua barazani kwa mzee mmoja Kigamboni. Tulianza kwa kuhakikisha ni tupu: boliti nyuma, jicho kwenye chemba, kidole kwenye mlango wa magazini. Nati ya mbele ilikuwa imegoma, ikatoka kwa kitambaa na subira. Mbao ikachomoka na ufa wa urefu wa kidole cha shahada, ukianzia upande unaokutana na boksi la mtambo. Na springi! Ilikuwa imezama kwenye grisi ya magurudumu, nzito na nyeusi kama asali iliyoungulia sufuriani. Mzee aliambiwa na mtu aipake ili isishike kutu. Pete ya chuma ilikuwa nyuma kabisa, kwenye nafasi ya risasi nyepesi, na boksi la risasi alilonionyesha ni la gramu 36, yaani nzito. Yaani breki imetolewa, halafu kilichobaki kimepakwa grisi. Tuliosha bomba kwa mafuta ya taa, tukalifuta hadi kitambaa kikatoka cheupe, tukapitisha kitambaa chenye harufu tu ya oili nyepesi, tukahamisha pete mbele mteremko ukitazama kibano. Ufa ulitiwa gundi na fundi mwenye leseni. Uwanja wa shabaha ilirusha maganda yote upande mmoja, chungu moja pale chini, na mzee akasema bega lake limemkumbuka.

Oili nyingi kwenye bomba la magazini la Auto-5 ni sumu. Nasisitiza kwa sababu desturi yetu ni kuonyesha upendo kwa bunduki kwa kuipaka mafuta.

Jambo la pili, nalo ni la usalama kabisa: urefu wa chemba. FN nyingi za zamani zilizouzwa Ulaya, na zikaja huku na wakoloni na wafanyabiashara, zina chemba ya milimita 65, za geji 12 na za geji 16. Risasi zinazouzwa sana leo ni za milimita 70. Risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kulalamika, maana urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Ikilia, mdomo wa ganda unafungukia mahali mtutu ulipoanza kubana, na mgandamizo unapanda. Tena ganda lililofunguka ni refu kuliko mlango wa kutokea. Kuchonga chemba peke yake hakutoshi, na mlango nao una vipimo vyake. Tafuta namba 65 au 70 kwenye mtutu. Ukikosa, fundi apime. Msipige kwa kubahatisha.

Kwa sasa niishie hapo, karibuni kwa maswali. Nitarudi kuongelea Remington 1100 na nyinginezo.


#2

Mkuu, haya ni madini. Mimi mzee wetu ametutoka, ameacha Browning kama hiyo, iko nyumbani Tabata kabatini. Mimi ndiye mkubwa, na leseni yake ilikuwa haijaisha muda. Naruhusiwa kuitumia hadi iishe halafu nibadilishe jina?


#3 — Mleta mada

Pole sana kwa msiba, kaka. Jibu ni hapana, na tafadhali lifanyie kazi kesho asubuhi.

Leseni ni ya mtu, haiko kwenye chuma. Mwenye jina akifariki, hakuna mwingine mwenye haki ya kukaa na bunduki hiyo, hata awe mwanawe wa kwanza na hata awe amekuwa akiibeba porini miaka yote. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu kwanza, bila bunduki, ueleze, wao watakuelekeza namna ya kuifikisha. Ukishaikabidhi, dai maandishi ya makabidhiano yenye namba ya bunduki na uyatunze pamoja na nyaraka za mirathi. Kisha familia ikae, msimamizi wa mirathi apatikane, na anayetaka kuirithi aombe leseni kwa jina lake, akianzia serikali ya mtaa na polisi wa wilaya. Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Inataka pia uthibitishwe kwamba unajua kuitumia silaha hiyo, na hilo mimi nalipenda kwa moyo wote.

Ushauri mmoja wa mkusanyaji: kabla ya kuikabidhi, nakili namba ya bunduki kama ilivyo, na herufi zake zote. Kwenye Auto-5 za zamani namba iko chini ya boksi la mtambo, mbele ya mlango wa kujazia. Nimeona makaratasi yaliyoandikwa namba ya mtutu badala ya namba ya bunduki, na familia ikahangaika muda mrefu kuthibitisha kwamba bunduki iliyopo kituoni ndiyo ya mzee wao.


#4

Mleta mada heshima yako. Mimi ni mtu mzima, nimewinda kwa vibali tangu enzi za Idara ya Wanyamapori hadi sasa tuko na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Naomba niongeze mambo ambayo vijana hawaambiwi.

Shotigani ya kujijaza yenyewe ina mashaka yake porini, nayo si ya kiufundi. Ni ya kisheria na ya kiungwana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ina kifungu kinachotaja silaha na njia zisizoruhusiwa kuwindia. Mwenye semi-otomatiki akisome kabla ya mtu mwingine yeyote, na aipeleke bunduki yake kwa afisa wanyamapori aione kabla kibali hakijaandikwa. Usisubiri kukutana na askari wa doria njiani ndipo muanze kuhesabu risasi.

Wenzetu walishaliona hili zamani. Marekani tangu 1935 anayewinda ndege wahamao hapewi zaidi ya risasi tatu kwenye shotigani yake. Ulaya, maelekezo ya kulinda ndege ya mwaka 1979 yalikataza semi-otomatiki yenye magazini ya zaidi ya risasi mbili. Ndiyo maana kuna kile kijiti cha mbao kinachokaa ndani ya bomba la magazini kupunguza nafasi. Bunduki nyingi zilizofika huku kijiti kimeshapotea. Fundi mwenye leseni anakichonga kwa mti mgumu saa moja tu. Mimi changu kinaacha nafasi ya risasi moja, ukijumlisha ya chemba ni mbili. Kanga ambaye hukumpata kwa mbili, ya tatu unamjeruhi tu.

Na hilo la kujeruhi ndilo linalonitoa usingizini. Kijana mwenye risasi tano anapiga kundi. Mwenye risasi mbili anachagua ndege. Kanga ni ndege wa kukimbia. Atakimbia mbele yako nyasini hadi uchoke, na akiruka anaruka kwa kelele na kundi zima. Ukiupeleka mtutu katikati ya kundi, marisau (punje ndogo za ndani ya risasi) yanagusa sita, wanaanguka wawili, wanne wanakwenda kufia vichakani na kuwa chakula cha mbweha. Hakuna kibali kilichoandikwa hivyo.


#5 — Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Uliyosema juu ya kuchagua ndege naomba kila anayesoma ayarudie mara mbili.

Niongeze dogo kwenye kijiti. FN nyingi zina kiswichi kidogo pembeni kushoto cha kufunga magazini, kwamba risasi za ndani zibaki na wewe unaingiza moja moja kwa mkono kwenye chemba. Remington Model 11 haina. Ni kitu kizuri sana: una marisau namba 7 kwa kwale (namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo), mara unaona bata, unabadilisha ya chemba bila kumwaga magazini. Ila kiswichi hicho hakichukui nafasi ya kijiti, kwa sababu kinafunguka kwa kidole. Afisa akikagua anataka kijiti.

Kuhusu ukubwa wa marisau, mimi kwa kanga natumia namba 5, kwa kwale namba 6 au 7, njiwa namba 7 na nusu. Wengine kanga wanampigia namba 4 na siwapingi, yule ndege ana manyoya mazito.


#6

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mke wa mwenye bunduki na pia nina leseni yangu. Tunakaa Kunduchi, bahari tunaisikia. Kila masika ikiisha bunduki ina madoa ya kutu, hasa chini ya mbao. Tunaifuta, tunaiweka kwenye begi lake la ngozi, tunaifungia kwenye kasiki. Tunakosea wapi? Maana mleta mada umesema oili nyingi ni sumu.


#7 — Mleta mada

Dada yangu, hili ni swali la watu wote wa pwani, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Begi ndilo adui wa kwanza. Ngozi, sponji na manyoya ya ndani ya begi vinanyonya unyevu wa Dar na kuulaza juu ya chuma usiku na mchana. Begi ni la safari. Ndani ya kasiki bunduki isimame wazi, ukiweza mtutu ukitazama chini, ili oili ikishuka isiingie kwenye mbao ya kitako. Mbao iliyolowa oili inakuwa laini na kupasuka pale inapokutana na chuma. Weka vifuko vya kunyonya unyevu, na uvikaushe kabla ya masika na katikati yake. Ukuta wa kasiki usigusane na ukuta wa nje wa nyumba.

Oili niliyoikataza ni ya bomba la magazini na kibano. Nje ya mtutu na boksi la mtambo paka, lakini iwe utando mwembamba, na shika bunduki kwa kitambaa baada ya kupaka. Jasho la mkono wa pwani lina chumvi, na alama ya kidole inaweza kugeuka kutu ukiiacha. Usiishie kufuta nje: toa mbao ya mbele walau mara moja kwa mwezi wakati wa masika, maana unyevu unaokaa kati ya mbao na chuma hauonekani hadi umeshakula.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani hulichanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Browning walitumia mbao za mwalnati zilizokaushwa kwa chumvi ili kuharakisha kazi. Chumvi ikabaki ndani ya mbao. Bunduki hizo zinakula kutu pale pale chuma kinapokutana na mbao, hata zikikaa Dodoma. Tazama namba yako: kuanzia 1968 namba nyingi za Auto-5 zinaanza na tarakimu mbili za mwaka zikifuatiwa na herufi, mfano 69G ni ya mwaka 1969, geji 12 nyepesi. Kama yako ni ya miaka hiyo na kutu iko chini ya mbao peke yake huku mtutu kwingine ni safi, toa kitako mtazame mashimo ya skrubu na sehemu yote inayogusa boksi la mtambo. Mkikuta kutu nene iliyochimba, hiyo si bahari ya Kunduchi. Dawa yake ni kubadilisha mbao. Kupaka oili hakutamaliza.


#8

Mkuu uliahidi Remington 1100. Yangu inapiga moja inagoma, nairudisha boliti kwa mkono kila mara. Nimeshaambiwa ninunue springi mpya zote.


#9 — Mleta mada

Kabla hujanunua chochote, fungua mbao ya mbele uangalie pete nyeusi ya mpira kwenye bomba la magazini.

1100 ilitoka 1963 na haifanyi kazi kama Auto-5. Mtutu wake umetulia. Kuna matundu madogo chini ya mtutu yanayochukua kiasi kidogo cha gesi ya baruti, gesi inasukuma pistoni, pistoni inarudisha boliti. Kwa sababu nguvu inatumika kidogo kidogo, teke lake ni laini kweli, na ndiyo maana iliuzwa kwa mamilioni. Lakini gesi inazuiwa isivuje na ile pete ya mpira. Mpira unakauka, unapasuka, au unayeyushwa na dawa kali ya kusafishia. Ikiwa imekatika hata kidogo, gesi inapotea na boliti haifiki nyuma. Pete yenyewe ni kitu cha bei ndogo sana. Mwenye 1100 awe na mbili za akiba ndani ya kasiki. Ukiitoa, safisha na matundu ya gesi, masizi huyaziba.

Kwa hiyo unaona: Auto-5 inauawa na pete ya chuma iliyokaa pasipo pake, 1100 inalala kwa pete ya mpira iliyokatika. Nusu ya "mitambo iliyokwisha" niliyoletewa ilikuwa ni moja ya hayo mawili. Franchi ya Italia, ile AL-48 nyembamba, nayo inarudisha mtutu kama Browning, kwa hiyo mambo ya breki yanaihusu pia, ila sehemu zake ni zake, usizichanganye.

Iko moja ambayo mkiiona msiijaribu hata kwa udadisi: Winchester ya 1911. Winchester baada ya kumkatalia Browning walimwambia mhandisi wao, T. C. Johnson, awatengenezee ya kwao, lakini hataza za Browning zilikuwa zimefunga njia zote. Boliti yao haina mkono wa kuvutia. Ili kuijaza unashika mtutu kwenye sehemu yenye mikwaruzo na kuusukuma nyuma. Enzi za maganda ya karatasi, ganda likivimba na kugoma chemba, watu walikuwa wanasimamisha kitako chini na kusukuma mtutu kwa mikono, uso uko juu ya mdomo wa mtutu. Wako waliokufa hivyo, na bunduki ikapewa jina la kutengeneza wajane. Ni ya kuweka kwenye mkusanyiko na kuisimulia. Isipigwe.


#10

Swali la mwisho kwangu: nimeoneshwa Auto-5 kwa mtu mwenye leseni, tunafuata taratibu zote polisi. Mtutu una alama ya nyota mbili. Na nina jamaa yuko nje anaweza kuniletea risasi za marisau ya chuma. Ninunue?


#11 — Mleta mada

Nyota ni kipimo cha choki, yaani mdomo wa mtutu umebana kiasi gani. Kwenye Browning za Ubelgiji nyota moja ndiyo choki iliyobana kabisa, nyota mbili ni ya katikati, nyota tatu mtutu haujabana. Kistari pembeni ya nyota moja au mbili kinamaanisha imefunguka kidogo zaidi. Nyota mbili ni nzuri kwa kanga na kwa kwale, kwa hiyo hapo umepata.

Marisau ya chuma usiyatumie kwenye mtutu wa zamani wa Ubelgiji. Marekani walikataza marisau ya madini ya risasi (lead) kwa ndege wa majini mwaka 1991, na watu wengi wakatumia ya chuma kwenye bunduki zilizochongwa kwa ajili ya madini hayo laini, mitutu ikavimba pale choki inapoanza. Na risasi usiletewe na jamaa. Risasi zina kibali chake kama bunduki ilivyo na chake. Nunua duka lenye leseni, kwa kitabu chako cha leseni.

Ukienda kuitazama, mwombe mwenyewe afungue mbao ya mbele mbele yako. Angalia ufa karibu na boksi la mtambo. Kama ufa upo na pete iko nyuma, muulize alikuwa anatumia risasi gani. Tazama skrubu: nyingi za Auto-5 za zamani zina skrubu ndogo za kuzifunga pembeni yake, na zikiwa zimeliwa vichwa ujue imepita mikono isiyo na bisibisi sahihi. Chunguza kama namba ya bunduki inalingana na leseni herufi kwa herufi. Tafuta alama za majaribio za Liège kwenye mtutu na boksi la mtambo. Pitisha kidole ndani ya mlango wa kutokea ganda, kwenye kona ya nyuma. Chuma kikiwa kimevimba au kina ukingo mkali, imegongwa sana.

Rangi nyeusi kufifia isikuogopeshe. Hiyo inatokana na mikono tu. Na kama namba ya chemba ni 65, bei ishuke, halafu utafute risasi za 65 kabla hujalipa.

Ukiipata weka picha ya pete na kibano hapa tukusaidie kuipanga kabla hujaenda uwanjani. Picha ya namba ya bunduki usiweke.